Programu ya kuandikia nyumbani: ipi uanze nayo, ipi uilipie

Ukinunua laptopu yuzdi utakuta fundi kashakuwekea Word, unashukuru umepata bure, kumbe ni ya kraki (ya wizi, leseni haijalipiwa), muda si mrefu inaanza kudai leseni na flashi zako zimeshajaa virusi. Hiyo hata namba siipi.

Namba moja kwangu ni LibreOffice Writer. Bure kweli, sio bure ya siku 30, ipo tangu 2010, faili la kuinstoli lina kama MB 350 hivi so bando la usiku linatosha, na ukishaiweka haikuombi tena intaneti. Kwa anayejifunza nyumbani hapo unamaliza kila kitu, barua, CV, mihtasari ya kikoba. Ila ina mtego wake: usipoiambia kitu inasevu kwa odt, aina yake yenyewe ya faili. Mimi nilishapeleka barua ya kamati ya harusi steshenari na flashi, dada akaifungua kwa Word yake, fonti ikabadilika, mistari ikahama, ukurasa mmoja ukawa miwili na watu nyuma yangu kwenye foleni wananuna. Tangu siku hiyo ya kuprinti naitoa PDF, kitufe kipo pale pale juu, na kama kuna mtu ataiendeleza nasevu kwa docx, aina ya faili ya Word.

Namba mbili Google Docs, na kama una simu tu basi ndo ianze. Inajisevu yenyewe, umeme ukikatika hulii, na mnaweza kuandika watu watatu faili moja kila mtu kwake. Nafasi ni GB 15 za bure ila unagawana na picha na imeili zako. Bila bando inasumbua, labda uwe umeshawasha ofulaini mapema.

Tatu, Word yenyewe ile ya kwenye brauza, unafungua akaunti ya Microsoft tu. Imepunguzwa vitu lakini wewe wa barua havikuhusu.

Nne WPS. Nyepesi, imefanana sana na Word, ila matangazo aisee.

Word ya kulipia? Subiri kazi ikudai. Microsoft 365 unalipa kila mwezi au mwaka, Office 2024 unalipa mara moja ila toleo jipya likija unalinunua upya. Zile kii (namba za kufungulia leseni) za bei ya kutupa mtandaoni mimi siwezi kutoa hela yangu.

Halafu usiogope kwamba ukianza na ya bure utakuja kujifunza upya, mambo ni yaleyale. Mfano kuhamia ukurasa mpya, wengi tunagonga Enter mara ishirini, ukiongeza sentensi moja huko juu kila kitu kinashuka. Shika Ctrl ugonge Enter, mara moja tu, na hiyo inafanya kazi kwenye zote tatu za juu.