Nimelipa zaidi ya laki moja, na jina la baba wakalitupa

Nilikuwa nimeapa nisiandike haya nikiwa na hasira, lakini leo asubuhi karani wa lile jarida lililochapisha makala yangu amenijibu tena. Basi.

Mwaka jana hivi, makala yangu kuhusu sumukuvu kwenye mahindi ya ghalani ilikubaliwa na jarida moja la ng'ambo la ufikiaji huria, yaani msomaji husoma bure. Sitalitaja. Uhakiki wao sina neno nao. Wahakiki wawili walinihangaisha vilivyo, na mmoja aliinyoosha makala kweli kweli, Mungu ambariki. Ada ya kuchapisha ilikuwa dola 900. Niliomba punguzo, nikaambiwa nilete barua ya mkuu wa idara, nikaileta, kimya. Nikakopa kwenye sacco, maana chuoni kwetu shahada ya uzamifu huipati bila makala mbili zilizohakikiwa, na mimi nilikuwa na moja.

Makala ikatoka. Jina langu nusu.

Nina majina matatu kama Wakenya wengi: la ubatizo, la nyumbani na la baba. Kwenye kitambulisho yapo, kwenye tasnifu yapo, kwenye mswada niliowatumia yapo. Wao wakalifanya la nyumbani kuwa la ukoo, la baba wakalitupa. Na mzee alikuwa anasubiri nimpelekee hiyo karatasi aione.

Mtasema ni jambo dogo. Makala ikishachapishwa, jina hilo linaingia kwenye rekodi ya DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, na Google Scholar na wenzake wanalibeba lilivyo. Nikijitafuta, sipo! Kwenye kikao cha idara profesa mmoja aliinua miwani akauliza, "Na huyu ni nani?" Nikacheka kwa aibu, kama mtu aliyeiba kazi ya mwenzake.

Nikawaandikia. Karani, ambaye jina lake hata hakulitia (naye!), akajibu kwamba nilitumiwa nakala ya mwisho niikague kwa saa 48. Kweli nilitumiwa, Ijumaa jioni, nimekwama kwenye matatu Barabara ya Thika, mvua inanyesha, na nilipofika Kasarani stima zilikuwa zimepotea. Niliifungua kwa simu na naapa jina lilikuwa sawa. Au sikutazama juu. Nilikimbilia majedwali, maana huko ndiko mambo huharibika. Haya, labda sikutazama. Lakini jameni, nani huanza kukagua jina lake mwenyewe?

Kutoa notisi ya marekebisho, akasema, ni dola 150 zaidi. "Kosa ni la mwandishi." Hakuna salamu, hakuna pole.

Nyota moja. Msipeleke kitu huko.

Ila wiki iliyopita afisa mmoja wa kilimo aliniandikia kutoka Makueni. Mlipuko wa sumukuvu wa 2004 uliua watu 125, na Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi, kwa hiyo mtu wa kule akiuliza kuhusu sumukuvu haulizi kwa kujifurahisha. Makala aliisoma yote kwenye simu, bure; jarida la kufungiwa lingemdai dola thelathini na kitu. Akaniuliza juu ya maturubai ya kuanikia, jambo ambalo wahakiki hawakuligusa wala mimi sikuliwaza. Nilikaa nalo siku nzima. Tena leseni yao inaniachia hakimiliki, nimeiweka makala kwenye hazina ya maktaba ya chuo bila kumpigia mtu magoti, na dada wa maktaba aliandika majina yangu yote bila kukumbushwa. Kwa hayo nilikuwa nimeshabadilisha, nikawapa nyota nne.

Kisha nikairudia barua ya yule afisa. Inaanza, "Mheshimiwa Daktari," na baada yake yale majina mawili.

Nyota mbili, na hiyo ya pili ni yake yeye, si yao. Nimemjibu kila kitu kuhusu maturubai, nikaweka majina yote matatu chini, la baba kwa herufi kubwa.