VLC kwenye mashine ya Windows XP, bado inapiga mzigo

Wakuu, mjomba wangu ana kibanda cha kuingiza nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi, na mashine anayotumia mpaka leo ni Pentium 4, ramu giga 1, Windows XP. Juzijuzi wateja wakaanza kumletea muvi mpya, akizifungua anasikia sauti tu, picha giza totoro. Nikajaribu kumwekea pleya nyingine ya kisasa ikagoma palepale, kikatokea kimeseji eti hii siyo programu halali ya Win32, yaani hata haijaanza kuinstoli.

Ndo nikamwekea VLC, pleya ya bure ya muvi na nyimbo, toleo la 3. Brauza ya mashine ile ni ya kizamani, kurasa nyingi za siku hizi haifungui, kwa hiyo nikadaunlodi kwa simu nikahamisha kwa flashi. Chukua ya biti 32, na XP yako iwe Service Pack 3 (ile iliyowekewa kifurushi cha tatu cha maboresho). Haikuchukua muda ile koni ya rangi ya chungwa ikakaa kwenye deskitopu, nikafungua muvi ileile iliyokuwa giza, picha hiyo! Mjomba akampigia mteja simu palepale aje achukue flashi yake.

Sasa fikiria, Microsoft waliacha kuihudumia XP Aprili 2014, VLC 3 ikatoka 2018 na bado XP imo. Siri ni kwamba VLC inakuja na kodeki zake yenyewe ndani (kodeki ndo kinachofungua video iliyobanwa), haitegemei kodeki za Windows, ndo maana H.265, aina mpya ya kubana video, inafunguka kwenye mfumo uliotoka 2001 wakati kodeki yenyewe haijazaliwa.

Ila prosesa ni ileile. Muvi ya 720p ya H.264, ile aina ya zamani kabla ya H.265, inaenda safi, 1080p inakwamakwama, na H.265 ya 1080p usijisumbue. Bonyeza Ctrl na P, ingia upande wa kodeki, tafuta sehemu ya kuruka loop filter (kichujio cha kulainisha picha) ya H.264 uiweke All. Picha inapoteza ulaini kidogo lakini kukwama kunapungua sana, kwa mjomba imesaidia mno.

Toleo la 4 halitakubali XP, walishasema hili la 3 ndo la mwisho. Siwalaumu hata kidogo, maana kutunza msimbo wa programu uendelee kukubali mfumo wa zamani hivyo ni kazi ngumu na hawa VideoLAN wanaoitengeneza VLC ni shirika la Ufaransa lisilo la faida, kitu chenyewe kilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa chuo, hawatozi hata senti na matangazo hamna. Wengi walishatutupa kitambo, wao wametubeba mpaka hapa.

Nyota 5 kwa 5. Faili la kuinstoli nimemwachia mjomba kwenye flashi mbili, moja iko kwenye droo ya duka na nyingine nyumbani, na mashine nimeichomoa kwenye intaneti kabisa kwa sababu XP haipati tena maboresho ya usalama.