Faiba ya nyumbani: kasi ipo, ila ruta waliyoileta haijawekwa sawa

Nina miezi minne na faiba ya kampuni moja hapa Mwanza. Nahariri picha za harusi, kwa hiyo kila siku napakia mafaili mazito. Kasi wanayotangaza naipata kweli, na fundi alivuta waya siku ileile niliyolipia.

Lakini wiki mbili za kwanza ziliniumiza. WhatsApp inafunguka vizuri, ila nikipakia picha kwenye seva ya mteja, inafika asilimia mbili tatu halafu inaganda. Huduma kwa wateja wakaniambia nizime ruta niwashe. Mara tano! Bibi harusi anasubiri albamu yake.

Nikapima mwenyewe. Kwenye Windows niliandika ping -f -l 1472 na anwani ya seva, amri inayotuma pakiti (kipande cha data) ya baiti 1472 bila kuruhusu ikatwe njiani: kimya. Nikashuka hadi 1464, ikajibu. Jumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti (taarifa za anwani zinazotangulia data), unapata 1492. Laini hii inatumia PPPoE, njia ya kumuunganisha mteja na kampuni, inayokula baiti 8 kati ya zile 1500 za kawaida, na ruta yao ilikuwa imewekwa 1500. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinatupwa, na ujumbe wa kuiambia kompyuta ipunguze ukubwa wa pakiti unazuiwa njiani, ndiyo maana huoni kosa lolote kwenye skrini.

Nilibadili MTU ya ruta, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kuwa 1492, albamu ya GB 6 ikapanda moja kwa moja.

Nyota tatu. Ya nne nitawapa siku watakapoweka namba hiyo kabla ya kumkabidhi mteja ruta.