Kamera ya kifuani ya Axon, ikipimwa kwa kesi ya Patrick Lyoya

Tathmini nyingi za kamera za polisi huandikwa kwa ajili ya idara zinazonunua. Hii ni kwa ajili ya wale watakaolazimika kuitazama video yake baada ya msiba: wazazi, ndugu, wazee wa jumuiya na mawakili wao. Kipimo ni kesi inayowagusa wasemaji wa Kiswahili wa Marekani moja kwa moja. Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 mzaliwa wa Kongo, aliuawa na askari Christopher Schurr huko Grand Rapids, Michigan, asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022. Alisimamishwa kwa sababu namba haikulingana na gari. Akashuka, wakabishana, akakimbia, wakakamatana chini kwenye nyasi za mbele ya nyumba ya watu, na mwisho akapigwa risasi moja ya kisogoni akiwa amelala kifudifudi. Baba yake alizungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, kupitia mkalimani.

Tuanze na mtengenezaji. Axon ya Arizona ndiyo iliyokuwa ikiitwa TASER International hadi mwaka 2017. Kampuni moja inauza silaha ya umeme, kamera ya kifuani, na hifadhi ya mtandaoni ambako video hulala. Kwa mchunguzi ni faida, kwa kuwa kumbukumbu za vifaa hivyo hukaa mahali pamoja. Kwa familia maana yake ni kwamba kuomba video peke yake ni kuomba sehemu tu ya ushahidi.

Jinsi inavyowaka ndipo watu wengi hukosea. Kamera ikiwa imewashwa lakini hairekodi, huwa inashika picha na kuzifuta mfululizo. Askari akibonyeza kitufe kikubwa mara mbili, inaanza kurekodi rasmi na kuokoa pia sekunde zilizotangulia. Kwa kawaida ni sekunde 30, na idara inaweza kuongeza. Sekunde hizo, kwa mpangilio wa kawaida, hazina sauti. Kwa hiyo video ikianza bubu halafu sauti ikaingia ghafla, usikimbilie kusema imekatwa. Swali la kuuliza ni lingine: kitufe kilibonyezwa dakika gani ya tukio?

Kuzima ni kubonyeza kitufe hichohicho na kukishikilia kwa sekunde kama tatu. Juu ya meza inaonekana ni kinga nzuri. Kifuani mwa mtu anayepigana chini, kitufe kikubwa kilichoelekea mbele hugandamizwa na mwili wa mtu mwingine. Grand Rapids kamera ilizimika katikati ya purukushani, kabla ya risasi, na mkuu wa polisi alieleza kuwa ni kwa sababu ya kugandamizwa huko. Hilo ndilo dosari kubwa kuliko zote za kifaa hiki, na si dogo hata kidogo: dakika ambayo ushahidi unahitajika kuliko zote ndiyo dakika ambayo miili imebanana. Hata isipozimika, lenzi ya kifuani wakati huo huona kitambaa, nyasi na giza. Kinachobaki na thamani ni sauti.

Kuna nyongeza iitwayo Signal Sidearm, kihisio cha kwenye ala ya bastola kinachowasha kamera zilizo karibu bastola inapochomolewa. Huuzwa kando. Idara inayotoa kamera bila nyongeza hiyo imeacha jambo zito mikononi mwa kidole cha askari mwenye hofu.

Basi Lyoya alionekanaje akifa? Tarehe 13 Aprili polisi walitoa video kutoka vyanzo vinne: kamera ya kifuani, kamera ya ndani ya gari la polisi, kamera ya nyumba ya jirani, na simu ya abiria aliyekuwa na Lyoya. Simu ndiyo iliyoonyesha risasi. Kifaa cha bei ghali kilinyamaza, na kijana aliyesimama hatua chache pembeni akiwa na simu akashika kilichokosekana.

Haki itendeke kwa kamera hii pia. Askari akiwa amesimama, mkono mmoja kutoka mlango wa gari, hufanya kazi vizuri sana. Brooklyn Center, Minnesota, tarehe 11 Aprili 2021, kamera ya askari Kim Potter, aliyempiga risasi Daunte Wright, ilionyesha bastola mkononi mwake huku akipaza sauti akitaja Taser, silaha ya umeme. Video ilitolewa kesho yake, Wright akiwa tayari amekufa, na Desemba mwaka huohuo Potter alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Linganisha na Philando Castile, aliyeuawa na askari ndani ya gari lake, Julai 2016, jimbo hilohilo. Askari aliyemfyatulia hakuwa na kamera kifuani. Kamera ya gari la polisi ilishika sauti na risasi saba, lakini haikuona mikono ya Castile ndani ya gari, na mikono ndiyo iliyokuwa kesi nzima. Askari aliachiwa huru.

Anayekuambia kamera hizi zinapunguza matumizi ya nguvu ya polisi, mwulize ushahidi. Utafiti mkubwa wa Washington, D.C., uliotolewa 2017 na kuhusisha askari zaidi ya 2,000, haukuona tofauti ya maana kati ya waliovaa na wasiovaa.

Saa nayo husumbua. Kamera za kizazi cha pili huandika muda wenye herufi Z mwishoni, yaani saa ya Greenwich. Za kizazi cha tatu huandika saa ya mahali na tofauti yake, mfano -0400 kwa Michigan mwezi Aprili. Ukichanganya mbili hizi bila kusahihisha, utapata pengo la saa nne ambalo halipo. Simu na kamera za milangoni huwa na saa zao, kwa hiyo linganisha kwa sauti: mlio wa risasi, king'ora, mlango kufungwa.

Taser nayo ina kumbukumbu yake: kila mara kifyatulio kilipovutwa, saa na muda wake. Katika kesi ya Lyoya ilifyatuliwa mara mbili bila vishale kumpata. Baada ya hapo bado inaweza kuumiza ikigusishwa mwilini, na hoja hiyo ilibebwa na utetezi hadi mahakamani. Schurr alishtakiwa Juni 2022 kwa mauaji ya daraja la pili. Tarehe 8 Mei 2025 wajumbe wa baraza la mahakama walishindwa kukubaliana, kesi ikavunjika, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatairudia. Video nne, na bado watu kumi na wawili hawakuona kitu kimoja.

Kwa familia iliyo Michigan, mpangilio unaofaa ni huu. Siku ya kwanza na ya pili, pitieni nyumba na maduka ya mtaa mzima na kuomba nakala, kwa kuwa kamera nyingi za milangoni hujifuta zenyewe na nyingine hazihifadhi chochote bila malipo ya kila mwezi. Simu iliyorekodi isihaririwe wala kufutwa. Toeni nakala, na faili la asili libaki kwenye simu. Wakati huohuo wakili apeleke barua ya kuitaka idara ihifadhi ushahidi, kwani sheria ya jimbo inailazimu kutunza video za kifuani kwa siku 30 tu kama kiwango cha chini. Uchunguzi ukiwa unaendelea, au malalamiko rasmi yakiwa yamewasilishwa, muda huongezeka. Ombi la nyaraka za umma hujibiwa ndani ya siku 5 za kazi, na idara inaweza kujiongezea 10.

Katika ombi hilo tajeni kila kitu kwa jina: video za askari wote waliofika, video za magari yao, kumbukumbu ya vitufe vya kamera inayoonyesha lini iliwashwa na kuzimwa, kumbukumbu ya Taser, na orodha ya waliofungua video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Asiyezitaja kumbukumbu hizo hupewa video peke yake.