API 20E: inavyoitenganisha Citrobacter freundii na Salmonella

Bakteria Citrobacter freundii huishi utumboni, kwenye udongo na maji machafu bila kumsumbua mtu mwenye afya. Humvamia mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo, mtoto mchanga au mtu ambaye kinga yake imeshuka. Maabarani hufanana na Salmonella: aina zake zinazochelewa kuchachusha laktosi (sukari ya maziwa) hutoa koloni zisizo na rangi kwenye agari ya MacConkey, na hutengeneza hidrojeni salfaidi (H2S) vilevile. Hapo ndipo API 20E ya kampuni ya bioMérieux, ukanda wa plastiki wenye vijikombe 20 vya vipimo vya kemia, inapoonyesha thamani yake.

Fanya kwanza kipimo cha oksidesi, kimeng'enya ambacho bakteria wa kundi hili hawana. Lazima kiwe hasi. Chukua koloni moja ya saa 18 hadi 24, uikoroge ndani ya mililita 5 za maji chumvi ya 0.85%. Inamisha ukanda kidogo na ugusishe pipeti ukutani mwa kijikombe, vinginevyo mapovu yatanaswa. Kila kijikombe kina kifupi cha kipimo chake: CIT, VP na GEL hujazwa hadi juu. ADH, LDC (kipimo cha kuvunja asidi amino lisini), ODC, H2S na URE hufunikwa kwa mafuta ya madini, na hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Hewa ikiingia, bakteria huvunja peptoni na kuleta ualkali, kisha LDC hugeuka nyekundu, yaani chanya, kwa uongo. Mkosa mafuta ataandika Salmonella pasipo Salmonella!

Baada ya saa 18 hadi 24 kwenye nyuzi 36, soma: C. freundii kwa kawaida hutoa H2S nyeusi, ONPG (kipimo cha kimeng'enya kinachovunja laktosi) ya njano, LDC ya njano. Salmonella kwa kawaida huwa na LDC nyekundu na ONPG isiyo na rangi. VP isubiriwe dakika 10 baada ya kutia vitendanishi vyote viwili. Indoli iwe ya mwisho kabisa, kwani gesi yake huvuruga vipimo vingine.

Majibu yote hugeuzwa kuwa namba ya tarakimu saba inayomtambulisha bakteria, nayo ni ya kuaminika iwapo koloni ilikuwa safi. Mchanganyiko wa bakteria wawili hutoa namba isiyo na maana. Udhaifu mkubwa wa ukanda huu ni kwamba hauwezi kutegemewa kuitenga C. freundii na ndugu zake wa karibu, kama C. braakii. Kwa tiba ya kawaida hilo halina uzito sana.

Jambo lisilosemwa na ukanda ni usugu dhidi ya dawa. Bakteria huyu ana jeni ya AmpC, kimeng'enya kinachoharibu baadhi ya antibiotiki, inayoweza kuamka wakati wa matibabu, hivyo hata antibiotiki ya seftriaksoni ikionekana inafanya kazi kwenye sahani ya kupimia dawa, ripoti impe daktari tahadhari hiyo.