Chakula cha aksoloti: cha kununua kwanza, na cha kuacha dukani

Aksoloti, amfibia wa majini anayefugwa tangini, ni mla nyama asiyetafuna. Hufumbua kinywa ghafla, maji yakaingia pamoja na windo, na vimeno vyake vidogo kazi yake ni kushika tu, si kusaga. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chakula kina protini kiasi gani, uliza kama ni laini, kama kinazama, na kama upana wake hauzidi nafasi iliyo kati ya macho ya mnyama wako. Kikishindwa hapo, protini nyingi haisaidii kitu.

1. Nyungunyungu

Kwa aksoloti aliyefikisha sentimita 10 hivi, hakuna kinachowashinda. Wana protini nyingi na mafuta machache, hawana ganda, na uwiano wao wa kalsiamu na fosforasi ni bora kuliko wa mabuu mengi ya wadudu. Aksoloti mzima anaweza kuishi miaka yake yote kwa nyungunyungu peke yao bila kupungukiwa.

Tatizo ni kwamba dukani wote huitwa jina moja, ilhali hawafanani. Wale wanene na warefu, Lumbricus terrestris, ndio wa aksoloti wakubwa. Mmoja au wawili kwa mlo mmoja hutosha. Eisenia hortensis ni wembamba zaidi, na hufaa aksoloti wa umri wa kati. Ukikosa, kata wale wanene vipande vya sentimita 2. Wa tatu ndiye anayeleta malalamiko: Eisenia fetida, mdogo mwekundu mwenye pete za manjano, anayefugwa kutengeneza mboji. Akibanwa hutoa majimaji machungu, na aksoloti humbugia kisha kumtema papo hapo. Wapo aksoloti wanaomzoea, na kumtumbukiza kwenye maji ya moto kwa sekunde chache kisha kumsuuza hupunguza uchungu. Hata hivyo usimnunue kwa sababu ya urahisi wa bei kabla hujajua kama mnyama wako anamkubali.

Fungua kopo kabla ya kulipa. Nyungunyungu mwenye afya hujikunja ukimgusa, na udongo wake hunukia udongo. Wakilala wamelegea na kuna harufu ya uozo, warudishe. Wa chambo waliotiwa rangi waache. Wa bustanini ni bure, lakini chukua tu mahali unapojua hapajawahi kunyunyiziwa dawa wala kumwagwa mbolea ya viwandani, kwa kuwa ngozi ya amfibia hufyonza sumu kwa urahisi. Lumbricus hukaa wiki kadhaa kwenye friji ndani ya udongo wenye unyevu. Hao wengine wawili huridhika na kona yenye ubaridi chumbani. Wasuuze kila mara kabla ya kulisha.

2. Peleti (punje za chakula cha kiwandani) laini zinazozama

Hizi ndizo akiba ya siku nyungunyungu wamekosekana. Soma orodha ya viambato: cha kwanza kiwe samaki, kamba au krili (jamii ya kamba wadogo). Ukikuta ngano au soya imetangulia, iache pakiti hiyo. Protini iwe asilimia 40 au zaidi. Ukishanunua, tumbukiza moja kwenye glasi ya maji baridi: inapaswa kuzama mara moja na kulainika ndani ya dakika chache bila kusambaratika. Inayobaki ngumu kama kokoto, iloweshe kwanza.

Nunua pakiti ndogo. Pakiti kubwa ni rahisi zaidi kwa gramu, lakini vitamini na mafuta huharibika hewa ikishaingia. Chakula cha samaki cha vipande vyepesi vinavyoelea hakina nafasi hapa.

3. Minyoo myeusi ya majini

Lumbriculus variegatus angeshika nafasi ya kwanza kama tungekuwa tunazungumzia wadogo wa sentimita 2 hadi 8 peke yao. Ni laini, huchezacheza, na wasipoliwa huendelea kuishi tangini badala ya kuoza. Kasoro yao ni utunzaji: wanataka maji kidogo ya baridi kwenye friji, yanayobadilishwa kila siku. Kwa aksoloti mkubwa, utanunua wengi mno ili ashibe.

4. Mabuu mekundu yaliyogandishwa

Haya ni mabuu ya visubi, huuzwa kwa vibonge vya barafu. Karibu kila aksoloti huyapenda, na hapo ndipo wanunuzi wengi hunaswa. Sehemu kubwa ya kibonge ni maji, na virutubisho vyake havitoshi kumkuza mnyama kwa muda mrefu. Yafae wadogo kama nyongeza, au mgonjwa anayekataa kula. Vibonge vilivyoshikamana ndani ya pakiti viliwahi kuyeyuka na kugandishwa tena, usichukue. Nyumbani yayeyushe kikombeni, yachuje, mwaga ule mchuzi mwekundu, maana huo ndio unaopandisha amonia, sumu itokanayo na uchafu majini. Yaliyokaushwa huelea, na aksoloti akiyafuata juu humeza hewa na kubaki akielea mkia juu.

Waliototolewa karibuni

Hawa wana mahitaji yao. Saa 48 hadi 72 za kwanza wanaishi kwa kiini cha yai, kisha wanahitaji kitu kinachojongea, kwani kisichotikisika hawakioni kama chakula. Nunua mayai ya artemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi), si artemia iliyogandishwa. Yatotoe kwenye maji yenye chumvi gramu 25 hadi 30 kwa lita, nyuzi 26 hadi 28, hewa ikipigwa muda wote. Huwa tayari kwa saa 24 hadi 36. Tenganisha maganda, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lisha mara mbili kwa siku, na ondoa waliokufa. Wakikaa na njaa hung'atana miguu. Miguu huota tena, lakini ni ishara kwamba chakula hakitoshi.

Vya kuacha

Samaki wadogo wa kulishia, hasa goldfish, huleta vimelea na kimeng'enya cha thiaminase kinachoharibu vitamini B1. Funza wa unga wana ganda gumu linaloweza kuziba utumbo. Moyo wa ng'ombe na nyama ya kuku vina mafuta ambayo tumbo la mnyama wa maji baridi halimudu. Tubifex hai, minyoo myembamba myekundu ya majini, mara nyingi hutoka kwenye maji machafu.

Kiasi, na anapokataa

Wadogo wale kila siku; aliyepita sentimita 18 ale kila baada ya siku mbili au tatu. Tazama kutoka juu: tumbo liwe na upana sawa na kichwa. Mabaki yaondoe siku hiyohiyo kwa bomba la kunyonya.

Akikataa, usikimbilie kununua chakula kingine. Pima joto kwanza: nyuzi 16 hadi 18 ndizo zinazomfaa, na zikikaribia 24 hamu ya kula hupotea. Amonia na nitriti (sumu nyingine ya uchafu) ziwe sifuri. Maji yakiwa salama na kinachokataliwa ni peleti tu, mkubwa mwache siku mbili bila chakula, kisha itikise peleti kwa kibanio mbele ya pua yake. Na kama sakafu ya tangi ni changarawe, mlishie ndani ya kisahani mpaka uitoe, kwa sababu kila anapovuta chakula huvuta na kokoto.