Draiva zilizopotea kwenye kompyuta yangu ya 2012: uzoefu wangu na Katalogi ya Microsoft

Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Core i5-3470, ya mwaka 2012. Kwa kuandika na kupiga mahesabu haikuwahi kunisumbua, mpaka diski ilipokufa. Nikaweka SSD, diski mpya ya kasi, nikapiga Windows 10 upya kwa flashi, nikalala nikijua nimemaliza.

Asubuhi herufi zilikuwa zimevimba kama zimeumwa na nyuki, skrini imeganda kwenye 1024 kwa 768. Waifai haipo, hata alama yake hakuna. Nikafungua Device Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha vifaa vya kompyuta, nikakuta vifaa kadhaa vyenye kialama cha njano, na kila nikigusa kimoja naambiwa kosa namba 28, yaani draiva, programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, haijasakinishwa. Sasa draiva ya waifai iko intaneti, na intaneti yenyewe inataka draiva ya waifai.

Hapo simu ndiyo iliyoniokoa. Nilichomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti kwa USB, na Windows 10 ikaitambua kama kadi ya mtandao bila kudai chochote. Simu yangu ikiwa kwenye waifai hupitisha waifai hiyohiyo, kwa hiyo bando halikuguswa. Windows Update ikaamka, ikajiletea draiva ya picha, herufi zikarudi umbo lake. Vikabaki vifaa viwili: Network Controller, ambayo ndiyo waifai yenyewe, na kitu kinachojiita PCI Simple Communications Controller.

Nikafanya kosa ambalo najua wengi mmelifanya. Nilipakua programu ya kutafuta draiva, ile aina inayojinadi kwamba ukibonyeza mara moja mambo yote yamekwisha. Ikachunguza, ikaniwekea orodha nyekundu ya draiva 23 "zilizopitwa na wakati", kibodi na skrini zikiwemo, halafu ikaomba malipo. Vile viwili nilivyokuwa navitafuta haikuvigusia kabisa. Nilipoiondoa nikakuta imeacha mgeni kwenye kivinjari changu. Jina lake silitaji, maana zimefanana kama pacha.

Nikarudi kwenye njia ya kizamani. Unabofya kulia kwenye kifaa chenye kialama, unaingia Properties, kisha Details, unachagua Hardware Ids. Kile cha "mawasiliano" kilisomeka PCI\VEN_8086&DEV_1E3A. VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa chenyewe. Namba 8086 ni Intel, waliochukua jina la prosesa yao ya 1978 wakalifanya namba yao ya utambulisho. 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Na 1E3A? Ni Management Engine Interface, kiungo cha ndani ya mazabodi ambacho hakina uhusiano wowote na modemu. Nami nilikuwa nimeteketeza jioni nzima nikitafuta draiva za modemu!

Namba hizo nilizipeleka catalog.update.microsoft.com, ndiyo Katalogi ya Microsoft, ghala lao la draiva na masasisho. Hujisajili wala hulipi, na draiva unazipakua kwa Microsoft wenyewe, jambo lililonipa amani baada ya yule mgeni wa kwenye kivinjari. Ila msitarajie kubembelezwa. Ukurasa umekaa kama daftari la stoo. Ukibandika namba nzima pamoja na kile kipande cha SUBSYS kinachofuata baada ya DEV, mara nyingi unaambiwa hakuna kitu. Ikate ibaki VEN na DEV tu. Majibu yanakuja mistari mingi yenye jina lilelile, unatofautisha kwa toleo na tarehe. Mkiona AMD64 msikimbie kwa kuwa prosesa yenu ni Intel, hiyo maana yake ni Windows ya biti 64 tu.

Faili inakuja ikiwa .cab, yaani furushi lenye faili nyingine ndani, na ukiibofya mara mbili inakuonyesha vilivyomo basi, haisakinishi. Mimi nilitengeneza folda, nikanakili vyote humo, kisha kwenye Device Manager nikachagua kutafuta draiva ndani ya kompyuta yangu na kuielekeza kwenye folda hiyo. Kile cha 1E3A kilikubali papo hapo. Waifai ndiyo iliyonitoa jasho: draiva mpya kuliko zote iliingia ikatoa kosa namba 10, kifaa hakiwezi kuanza. Nikaiondoa, nikachukua ya miaka miwili nyuma yake, ikashika. Tangu siku hiyo sianzi tena na mstari wa juu kwa sababu tu ni wa juu.

Nikiulizwa alama natoa 8 kwa 10. Mbili nimezikata kwa sababu ya ule utafutaji mkavu, na kwa kutomwambia mtu afanye nini na .cab baada ya kuipakua.

Kabla ya kuzima nilifungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika dism /online /export-driver /destination:E:\draiva, draiva zote ambazo hazikuja na Windows zikanakiliwa kwenye flashi. SSD ikifa nayo, sianzi upya. Tundu la hedfoni la mbele bado liko kimya, na sauti haina kialama chochote cha njano, kwa hiyo nashuku ni waya wa ndani. La nyuma linafanya kazi, nimechomeka huko.